Madume Manne ya Ndaga

Kyimo, Rungwe
9 Februari 2025

Dada Sekela,

Shikamoo. Boksi la ndizi likikufikia, usimwage ovyo, barua imo chini kabisa, nimeifunga kwenye mfuko wa sukari isiloe. Pesa usitafute, hamna.

Naandika kwa mkono kwa sababu simu yangu ilizama kwenye ndoo ya pumba. Mama ya kwake hanipi, anasema nikiishika dakika tano vocha inakufa. Lakini mwandiko wangu unauona. Mtu aliyeacha shule kidato cha pili, shule ikiwa bado inamhitaji!

Nyumbani wazima. Mvua imekomaa, chai inaota mpaka mama vidole vimekuwa vyeusi. Mguu wake unamsumbua ila hataki kusikia habari ya daktari. Shangazi Doreen kafungua genge Makandana, nyanya zake ndogo kama macho ya panya na bei kubwa kama mdomo wake. Mimi ni mzima kupita kiasi. Bado ni golikipa namba moja Kyimo, na namba mbili hayupo.

Likizo ndefu hukuja. Mama alikuwekea maharage mabichi mpaka yakakauka. Kulikoni?

Sasa jambo lenyewe. Nakukumbusha maana Dar inasahaulisha watu. Ng'ombe wetu Ndaga tulipewa na kikundi cha wafugaji miaka sita iliyopita kwa masharti: mtamba wa kwanza atakayezaliwa tunampeleka kwa mwanachama anayefuata, hapo ndipo ng'ombe anakuwa wetu kabisa. Madume ni ya kwetu. Haya, Ndaga amezaa mara nne, na mara zote nne dume. Madume hayo ndiyo yaliyokuvalisha kofia ya uhandisi huko, usijifanye hujui.

Anayefuata kwenye orodha ni Bi Mwanahalima, yule mjane muuza vitumbua. Miaka sita anangoja. Ndaga ana mimba ya tano, anazaa mwezi wa sita, na Bi Mwanahalima anasema safari hii ni jike tu, madume yameshaisha tumboni. Hata mimi naona hivyo. Lakini katibu Erasto ameanza kunong'ona. Anasema mama anazalisha mitamba, anaibadilisha na vidume vya watu wa Ikuti, kisha anaonyesha vidume.

Wewe unasoma hesabu za madaraja. Tuambie: madume manne mfululizo ni jambo gumu kiasi gani? Andika kisomi, nataka niwakomeshe.

Mdogo wako asiye na mpinzani,
Ambwene


Dar es Salaam
24 Februari 2025

Mdogo wangu Ambwene,

Marahaba. Ndizi zimefika, nusu zimeiva njiani, wenzangu wa chumbani wamezila wakiniachia maganda na barua yako. Mwambie mama ndaga fijo, asante sana. Mwambie pia aende hospitali, mguu hauponi kwa ubishi. Mimi sijambo. Joto, vipindi, joto.

Swali lako ni jepesi, tulilifanya wiki ya kwanza. Kila uzao una nafasi mbili sawa: dume au jike. Nafasi ya dume ni nusu. Uzao mmoja hauuathiri mwingine, kwa hiyo unazidisha: nusu mara nusu mara nusu mara nusu. Jibu ni moja ya kumi na sita. Yaani ni jambo la nadra. Ukiweka kwa asilimia, ni kama sita tu katika mia.

Na wewe na Bi Mwanahalima mnakosea wote. Tumbo la ng'ombe si gunia la madume linaloisha. Halikumbuki lilichozaa mwaka jana. Uzao wa tano ni nusu kwa nusu kama wa kwanza.

Hayo ndiyo majibu ya kisomi. Usiyatumie kutafuta ugomvi.

Dada yako,
Sekela


Kyimo
20 Machi 2025

Dada,

Shikamoo, kama bado unastahili.

Huku wazima, isipokuwa mama, ambaye halali, hali, na hasemi. Anachuma chai kama anainyonga. Shangazi Doreen kaja mara mbili, kila akija anaondoka analia, na unajua yule machozi yake hayatoki bure.

Barua yako imesomwa kikaoni. Pale kwenye banda la kupimia chai, watu thelathini na wawili, kikundi kizima. Ilipofika "jambo la nadra", Erasto akasimama. Akasema, "Mmesikia? Msomi wao wenyewe, binti wa nyumba hiyohiyo. Sita katika mia! Maana yake mama huyu kuwa msafi ni sita katika mia, na tisini na nne ni mwizi." Watu wakapiga makofi, dada. Makofi! Mwenyekiti, Mzee Obed, akashika kidevu akasema hesabu ni hesabu.

Wameamua Ndaga achukuliwe kabla hajazaa, na mama aandikwe kwenye daftari kuwa ni mwizi wa mitamba. Tumepewa mpaka mwezi wa tano tujitetee.

Miaka mitatu unakula ada kutokana na mikia ya madume hayo, ukaulizwa swali moja, moja tu, ukatuchinja nalo. Mhandisi gani wewe? Ukijenga daraja nitapita mtoni kwa miguu.

Usinijibu kama huna dawa.

Ambwene


Dar es Salaam
2 Aprili 2025

Ambwene,

Nimewasalimia wote kwa simu, wewe salamu huna.

"Barua yako imesomwa." Imesomwa na nani? Ilitoka kwenye bahasha yenyewe ikapanda kwenye mzani wa chai ikajisoma? Shangazi Doreen amenieleza. Hakuna aliyekuomba. Kikao kilikuwa kinajadili dawa za kuogesha ng'ombe, wewe ukaruka juu ya benchi na shati la kuazima, "Tulieni niwasomee elimu!" Mpumbavu. Nilikwambia usitafute ugomvi, umemfungulia mama kesi kwa mdomo wako mwenyewe.

Halafu shangazi anasema ulipoulizwa nani alishuhudia uzao wa tatu, ukasema jambo fulani, na Bi Mwanahalima akacheka mpaka akaacha vitumbua vyake vikanyagwe. Ulisema nini? Nijibu hilo kwanza.

Sasa kaa chini, na usome mara tatu.

Hesabu yangu ni sahihi. Swali ndilo silo. Moja ya kumi na sita ni jibu la mtu anayemnyooshea kidole ng'ombe mmoja kabla hajazaa hata mara moja na kusema, "Huyu atazaa madume manne." Hakuna aliyemnyooshea Ndaga kidole mwaka ule. Mmemwona baada ya mambo kutokea. Kikundi kina kaya thelathini na mbili. Tuseme kila kaya ina ng'ombe aliyezaa mara nne. Thelathini na mbili gawanya kwa kumi na sita ni mbili. Kwa wastani kaya mbili zingepata madume matupu, bila wizi, bila uchawi. Na ukiuliza nafasi ya kupatikana angalau kaya moja ya namna hiyo, ni karibu themanini na saba katika mia. Ingekuwa ajabu zaidi kama asingekuwepo hata mmoja! Ilikuwa lazima iwe nyumba fulani. Imekuwa yetu.

La pili, Erasto kageuza shati ndani nje. Mwenye malaria hupata homa, si ndiyo? Je, kila mwenye homa ana malaria? Ng'ombe wa mtu msafi kuzaa madume manne ni sita katika mia. Mtu kuwa msafi akiwa tayari ana madume manne ni swali lingine kabisa, na ili ulijibu lazima kwanza ujue wanaobadilisha ndama ni wangapi katika kikundi. Amewahi kupatikana hata mmoja? Hajawahi. Basi.

Wakikataa maneno, wape sarafu. Upande wa simba ni dume, upande wa kichwa ni jike. Wote thelathini na wawili warushe mara nne. Watakaopata simba tupu wasimame. Kisha waulize wameficha wapi mitamba.

Na usiniulize tena habari ya likizo. Hayakuhusu.

Sekela


Kyimo
11 Mei 2025

Dada Sekela,

Shikamoo. Mvua inapungua, baridi imeingia, chai inaota kwa uvivu. Mama kaenda hospitali kwa mguu, kwa sababu ninayokuja kuisema, na wamempa dawa za kuchua.

Kikao kilikuwa wiki iliyopita. Nilivaa shati langu mwenyewe.

Nikasimama nikawaambia: kila mmoja atoe sarafu ya mia mbili. Erasto akasema, "Tumekuja kamari?" Nikamjibu, "Wewe katibu ulishacheza kamari na jina la mama yangu, sasa rusha ya kwako." Mzee Obed akacheka kidogo, akatoa sarafu. Mwenyekiti akitoa, nani atabaki?

Dada, ungeona! Wazee wazima wanarusha sarafu kwenye banda la chai, nyingine zinatumbukia kwenye vikapu vya majani. Wa kichwa wanakaa, wa simba wanabaki wamesimama. Raundi ya kwanza walibaki kumi na tano. Ya pili wanane. Ya tatu wanne. Ya nne wakabaki watatu: Mzee Abrahamu, mke wa Simon fundi viatu, na, sikiliza vizuri, Bi Mwanahalima mwenyewe.

Erasto akarukia: "Ulisema wawili! Wamekuwa watatu! Hesabu ya dada yako uongo!" Nikamwambia wastani ni wastani, kuku wako wakitaga mayai mawili kwa siku, siku wakitaga matatu utawashtaki? Watu wakaangua kicheko. Hapo nikajiona profesa. Nikamgeukia Bi Mwanahalima nikamwambia mbele ya wote, "Bi Mwanahalima, simba wanne. Mitamba umeificha wapi?"

Ningeishia hapo ningekuwa mfalme.

Hakucheka. Aliiweka ile sarafu kwenye mzani taratibu. Akasema, "Mwanangu, nimeelewa. Sarafu inaweza. Na tumbo la ng'ombe linaweza. Mimi si mjinga. Lakini mwezi wa tatu ulisimama hapahapa ukasema dume la tatu ulimvuta wewe kwa mikono yako miwili, mama yako akiwa kalazwa hospitali ya Makandana. Siku ile mimi nilikuwa nauza vitumbua uwanjani. Na golini nilikuona wewe. Asubuhi mpaka jioni. Sasa hiyo si sarafu. Hiyo niambie ni moja ya ngapi."

Ndiyo, dada. Ndilo jambo alilolicheka, ndilo sikukujibu. Nilikuwa kwenye bonanza. Niliporudi ndama alishasimama, ameshakauka, ananyonya. Sijui alizaliwa saa ngapi wala nani alipita nyumbani. Ni dume la Ndaga, naapa, lilikuwa na doa lake lilelile puani. Lakini nilimwambia mama nilimvuta mwenyewe, akanisifu kwa majirani miaka miwili, na mimi nikauongeza mpaka nikauamini. Nilichokitetea kikaoni si mama. Nilitetea sifa zangu.

Nikasema, "Nilidanganya. Sikuwepo."

Mama akasimama. Hakunitazama. Akamwambia Bi Mwanahalima, "Mfuate Ndaga leo. Na mimba yake. Maziwa ya kuitwa mwizi siyanywi." Mzee Obed akasema, "Mama Sekela, kaa, hatujafikia huko." Mama akamwambia, "Nyie mlifika huko siku mlipopiga makofi." Akatoka na mguu wake ule mbovu, akaufungua ule mlango wa zizi mwenyewe, na kesho yake hakuweza kusimama. Ndipo akapelekwa hospitali.

Hakunipiga. Laiti angenipiga. Ananipakulia chakula na kukiweka chini kama ananipa mgeni.

Zizi tupu. Sijui niseme nini. Mimi!

Ambwene


Dar es Salaam
25 Mei 2025

Ambwene,

Nimesoma. Nilikuwa nimejiandaa kukutukana kurasa nne, nimechana.

Wewe umesema la kwako, nami niseme la kwangu, halafu ukimwambia mtu nitakuja Kyimo nikuvunje mkono wa kudakia. Likizo sikuja kwa sababu nilikuwa narudia mtihani. Somo lenyewe ni hilihili la uwezekano. Niliangushwa na swali la namna ya Erasto: shehena ya nondo, kipimo kinachokosea mara chache, ukaulizwa nondo iliyokataliwa ina nafasi gani ya kuwa mbovu kweli. Niliandika jibu haraka, kwa kiburi. Mwezi wa pili uliponiuliza la Ndaga, nikafanya kosa lilelile la haraka. Nilitaka nyumbani mwone nimeelimika. Tofauti ni kwamba nondo hazina mama.

Nimefunga barua nyingine humu ndani, ya Mzee Obed. Nimeandika kwa jina langu kwamba nilijibu swali ambalo siyo, na nimeonyesha hesabu yote hatua kwa hatua. Aisome yeye. Siyo wewe! Ukiifungua nitajua.

Ndaga akizaa, niandikie. Na uwaambie mapema, kabla hajazaa, kila utakayemkuta: ni nusu. Wasije wakadai walijua.

Sekela


Kyimo
6 Julai 2025

Dada Sekela,

Shikamoo dada. Baridi ya mwaka huu inauma masikio. Mama anatembea, kwa fimbo. Shangazi Doreen amekuja kumsaidia kuchuma chai na anachuma kama anachagua shanga. Mimi nimeacha gozi kwa muda, nilikuwa nakata majani ya ng'ombe ambaye hayupo, nayapeleka kwa Bi Mwanahalima kila asubuhi. Nayaweka getini naondoka. Sikuombwa.

Barua yako Mzee Obed aliisoma kikaoni kwa sauti yake ya kanisani, neno moja moja, dakika arobaini. Akaamuru neno la mwizi lifutwe kwenye daftari. Erasto akalifuta kwa mstari mmoja mwembamba, linasomeka vizuri kuliko mwanzo. Nilitaka kumla nyama.

Nami nilifanya ulivyosema. Niliwaambia wote, kwenye mashine ya kusaga, kwa kinyozi, kwa muuza mbolea: ni nusu, ni nusu. Wakaniita Bwana Nusu.

Ndaga alizaa tarehe ishirini na moja mwezi uliopita, saa nne asubuhi, nyumbani kwa Bi Mwanahalima, mashahidi kumi na moja. Aliniita. Alinishika ukosi wa shati akanisimamisha nyuma ya ng'ombe akasema, "Leo uwepo." Nikamvuta kwa mikono yangu miwili, dada, safari hii kweli, na nikateleza nikakaa kwenye uchafu wote mbele ya watu.

Jike.

Bi Mwanahalima alipiga magoti pale kwenye nyasi. Mimi nikafurahi sekunde moja. Kisha nikamsikia Erasto: "Mnaona? Kwa mwizi madume manne, kwa mtu mwaminifu mara moja tu, mtamba! Bado mnataka hesabu?" Na watu, watu walewale waliorusha sarafu, wakaitikia ehee, ehee. Nikapiga kelele, "Nilisema nusu! Kabla! Nilimwambia kila mtu!" Wakacheka. "Bwana Nusu huyo." Nikaitupa chini kamba ya Ndaga kwa hasira. Umewapa ukweli, wameuona kwa macho, wameushika sarafu kwa sarafu, halafu ndama mmoja anatoa mguu wanautupa wote! Bora wangekuwa hawajaelewa.

Kikundi kikaamua: deni limelipwa, Ndaga arudi kwa mama, mtamba abaki kwa Bi Mwanahalima anyweshwe kwa chupa. Erasto ndiye aliyesema wasiachwe pamoja kwetu, "Tusije tukaletewa kidume tena."

Mama akatuma neno hamtaki Ndaga. Alisema waliomwita mwizi mbele ya watu wasimrudishie ng'ombe kwa mlango wa nyuma.

Jana ilikuwa siku ya soko. Nilikuwa napasua kuni, nikaona watu barabarani wamesimama kama kuna mazishi. Bi Mwanahalima anakuja, kanga kichwani, kamba mkononi, na Ndaga nyuma yake. Na nyuma ya Ndaga, ndama. Erasto anamfuata pembeni, "Mama, huyo mtamba unampeleka wapi? Mama, umengoja miaka sita! Watambadilisha!" Hakumjibu mpaka alipofika getini kwetu. Hapo akageuka.

"Ni wangu au ni wako?"

"Wako, lakini..."

"Wangu nampeleka anakonyonyeshwa."

Akaingia. Mama yuko mlangoni na fimbo yake, hakusogea hata hatua. Bi Mwanahalima akafunga kamba ya Ndaga kwenye nguzo, ndama akamwachia, akasema, "Mama Sekela, nimewaleta wote wawili. Akiacha ziwa nitakuja kumchukua." Watu wamejaa uzioni. Bi Mwanahalima akaketi kwenye kigoda cha kukamulia, akakunja mikono, akaashiria hana haraka.

Mama akaingia ndani. Nikajua basi, imekwisha. Akatoka na kikombe. Akakamua akiwa amesimama, ameinama juu ya ule mguu, hakuniruhusu nimsaidie. Akampa Bi Mwanahalima. Sura yake bado ilikuwa na hasira, dada, ileile ya mwezi wa tatu.

"Kunywa," akamwambia. "Taratibu. Wakuone."

Akanywa taratibu. Erasto aliondoka kabla kikombe hakijafika nusu.

Mdogo wako,
Ambwene